Mtungi wa Bibi na Pamba Safi

Mganga wa zahanati alitupa masharti mawili tulipomrudisha bibi nyumbani: anywe maji mengi, na maji yenyewe yawe safi. Sharti la kwanza nililielewa palepale kwa sababu linahesabika. Vikombe vinane vya bati kwa siku, alisema, visipungue sita, maana kuharisha kwa wiki nzima kulikuwa kumemkausha. Vikipungua, tumpeleke hospitali ya Bariadi akatundikiwe dripu. Sharti la pili ndilo lililonisumbua. Nilipomuuliza safi kiasi gani, alinitazama kidogo, akasema, "Safi, binti. Chemsheni." Kisha akamwita mgonjwa aliyefuata.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na ni afadhali niliseme hilo mapema. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Nikikosea neno moja kwenye barua naichana yote naanza upya. Wakati ule nilikuwa nimemaliza darasa la saba miaka miwili nyuma, sikuchaguliwa kuendelea, na nilikuwa najisomesha mwenyewe kwa kitabu cha sayansi kisicho na jalada, kama vile siku moja mtu angekuja kijijini kwetu Kasoli kunisahihisha. Mama alipotafuta wa kumtunza bibi wakati yeye akihangaikia pamba, hakusita. "Huyu hasahau kitu," alisema. Alikuwa sahihi. Tatizo langu halijawahi kuwa kusahau.

Ilikuwa ile miaka ambayo pamba ilianza kununuliwa na watu wengine mbali na chama cha ushirika. Kila mnunuzi alikuja na lori lake na mizani yake, na wakulima wakajifunza kuulizia huku na huku kabla ya kuuza. Hivyo pamba ilikaa majumbani kuliko zamani. Kwetu ilijaza chumba kizima mpaka usawa wa dirisha. Mama alishinda gulioni akisikiliza nani anakuja lini. Baba alikuwa mbali na ng'ombe, akitafuta malisho. Nyumbani tulibaki mimi na bibi, mama yake baba, na mtungi wake wa maji ya kunywa.

Ule mtungi ulikaa kwenye kona ya nyumba ya bibi, umekalishwa juu ya mchanga uliolowa. Ulikuwa mweusi kwa umri, mnene tumboni, na mchana wa jua kali ulitoa jasho. Nilipokuwa mdogo nilipenda kuweka shavu langu pale. Nilipokua nikaanza kuuangalia vibaya. Kwa nje, chini, ulikuwa na ukijani kama jiwe la mtoni. Kwa ndani sikujua una nini, kwa sababu bibi hakuruhusu mtu kuusugua. Aliusuuza mwenyewe kwa maji matupu, akapitisha kiganja, akamwaga, basi. Sabuni haikuruhusiwa hata kuwekwa karibu.

Maji yetu ya kiangazi yalitoka kwenye mashimo yaliyochimbwa mchangani, mtoni, na siku mbaya zaidi kwenye lambo la ng'ombe. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tuliyachemsha, tukayachuja kwa kipande cha khanga, tukayaacha yatulie kwenye mtungi mmoja, kisha tukayahamishia taratibu kwenye ule wa kunywea na kuacha tope nyuma. Bibi aliyaona masafi. Mimi niliyachota kwenye glasi, nikasimama nayo mlangoni kwenye mwanga, nikaona vitu vinaelea.

"Unatafuta nini humo?" bibi aliniuliza kutoka kitandani.

"Uchafu, bibi."

"Ukiupata uusalimie. Sasa nipe hayo maji, mke mwenzangu, koo limekauka."

Ndivyo alivyoniita siku zote, mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu. Babu alikuwa amefariki zamani, lakini bibi aliendelea kunisimanga kwamba nimekuja kumnyang'anya mume, na kwamba kwa jinsi ninavyonusa vyakula hakuna mwanaume atakayenivumilia zaidi ya marehemu.

Mama alikuwa ameleta ndoo ya plastiki yenye mfuniko, nyekundu, mpya. Ndoo kama zile zilikuwa zimejaa madukani wakati ule, na kila nyumba iliyouza pamba ilikuwa nayo. Nikaamua kufanya jaribio kama la kwenye kitabu. Maji ya chanzo kimoja, yaliyochemshwa kwenye sufuria moja, nusu nikayaweka kwenye ndoo na nusu kwenye mtungi. Nikachora jedwali kwenye daftari: asubuhi, mchana, jioni. Nikaandika kama ni baridi au vuguvugu, yana harufu au hayana, tope limetua au bado.

Nilichokiona kilinishangaza, na ninakiri nilifurahi kushangaa. Mchana, maji ya ndoo yalikuwa vuguvugu kama ya kunawia, na yalinuka plastiki. Ya mtungi yalikuwa baridi kiasi cha kuuma meno. Na mtungi ulikuwa unapungua. Niliweka alama ya mkaa ndani ya shingo yake, nikakataza mtu yeyote asichote, na kufikia jioni maji yalikuwa yameshuka chini ya alama. Hakuna aliyeyanywa. Nililala kifudifudi nikaangalia mchanga wa chini, nikagusa jasho la ubavuni, nikaelewa taratibu, kama mtu anayesoma sentensi ndefu: maji yanapita ndani ya udongo wenyewe, yanafika nje, yanakaushwa na hewa, na yale yanayokauka ndiyo yanayowapoza wenzao waliobaki. Nilikimbia kumweleza bibi.

"Kumbe," alisema. "Na mimi nilidhani unapoa kwa sababu unanipenda."

Ningeishia pale ningekuwa nimejifunza jambo zuri bila kumdhuru mtu. Lakini niliingiza mkono ndani ya mtungi, nikapitisha kidole ukutani, na kidole kikateleza. Kulikuwa na ute mwembamba sana. Tangu saa ile sikuweza tena kumpa bibi kikombe bila kukikagua mara mbili. Nilihesabu vikombe vyake, saba, nane, siku moja tisa, alikuwa anapata nguvu waziwazi, anakaa, anasimanga, na mimi nilichoona ni kile kidole kinachoteleza.

Kitabu changu kilikuwa na mchoro wa chujio la maji. Chupa iliyokatwa kitako na kugeuzwa, ndani yake kokoto, kisha mchanga, na pale shingoni, kwa maandishi madogo: pamba. Nilisoma neno lile nikainua kichwa kuelekea chumba cha pili. Kitabu kilitaka pamba, na sisi tulikuwa na pamba chumba kizima.

Mahali pengine mtu angekwenda kuitafuta dukani, ile pamba nyeupe ya hospitali inayofungwa kwenye karatasi ya buluu, na nadhani ndiyo mwandishi aliyoikusudia. Kwetu haikunipitia akilini kwamba kuna pamba nyingine. Wanunuzi waliigawa mara mbili tu: pamba safi, ile nyeupe isiyo na doa, na fifi, ile ya njano iliyonyeshewa au kuliwa na wadudu. Nami nikatafuta safi ya safi. Gunia lenye pamba nyeupe kuliko zote lilikuwa kwenye kona, karibu na bomba la kupulizia dawa na chupa za soda ambazo dawa yenyewe iliuzwa ndani yake. Nilikaa asubuhi nzima nikiichambua kwa vidole, mbegu moja moja, hata vumbi la majani nikalitoa. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu kuliko ile.

Niliosha kokoto mara nne. Nikachemsha maji, yalipopoa nikayapitisha, tone kwa tone, siku nzima. Yakatoka kama hewa. Niliyaweka kwenye glasi mlangoni na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuona kitu kinachoelea. Nililia kidogo. Kisha nikamwaga maji ya zamani ya mtungi, nikasubiri bibi asinzie, nikausugua ndani kwa mchanga mpaka ute ukaisha, nikaujaza.

Siku ya kwanza bibi alikunywa vikombe viwili na nusu. Ile nusu aliirudisha akasema ameshiba. Niliandika kwenye jedwali na kujiambia kwamba ni joto limepungua. Siku ya pili alikunywa kimoja. Nilimbembeleza kama mtoto, na akaniambia kwa upole, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa nasikiliza, maana bibi hakuwa mpole kwangu:

"Maji yako yana shamba, mayu."

Mayu ni mama, kwa Kisukuma, na mkubwa akimwita hivyo binti mdogo anambembeleza. Hakuniita mke mwenzangu.

"Shamba gani, bibi? Ni masafi kabisa. Angalia."

"Nimeyaona. Macho yanayataka. Pua haiyataki."

Nilinusa. Sikusikia kitu. Baadaye ndipo nilipofahamu kwa nini: nilikuwa nimeshinda siku nzima pua yangu ikiwa ndani ya ile pamba, na siku zote za msimu tulilala ukuta mmoja na ile kona. Harufu ile kwangu ilikuwa harufu ya nyumbani.

Jioni midomo yake ilikuwa imepasuka. Nilifinya ngozi ya mkono wake kama mganga alivyofanya zahanati kupima upungufu wa maji, na ile ngozi ilikaa imesimama kidogo kabla ya kurudi. Mama alirudi kutoka gulioni, akamwona, akaniuliza amekunywa vingapi. Nikasema kimoja. Akaniuliza kwa nini. Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nimelibeba kuliko kosa lenyewe. Nilisema:

"Nadhani ni mtungi, mama. Umezeeka. Ndani una ute."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayesoma kitabuni. Mama hakubisha. Siku zile kila mtu alikuwa anasema vyungu ni vya zamani, ndoo ndiyo usafi. Alisema, "Basi kesho uvunjwe, anywe kwenye ndoo. Na asipokunywa kesho, tunampeleka Bariadi."

Bibi alisikia. Aligeukia ukuta.

Asubuhi nilimpa maji ya ndoo. Alichukua funda moja, akalishikilia mdomoni, akalimeza kama dawa, akakirudisha kikombe. "Yanachemka bado," alisema, ingawa hayakuwa yanachemka. Nilijaribu tena baada ya muda, funda moja. Jirani yetu alifika wakati huo kumjulia hali. Alikuwa mama wa makamo aliyefinyanga vyungu na kuviuza mnadani, na biashara yake ilikuwa imedorora tangu ndoo zije, lakini alikuwa mcheshi bado.

"Mwangaluka, mayu. Mhola?" alisalimia kwa Kisukuma.

"Mhola duhu," bibi alimjibu, yaani salama tu, kwa sauti iliyokauka.

Mama alimweleza kwamba mtungi umeharibika, ndio anautoa nje auvunje. Jirani akasema asubiri. Aliuinamia, akauingiza uso shingoni, akavuta pumzi. Akainuka haraka.

"Nani ameweka dawa ya pamba humu?"

Mama akanusa naye. Niliona uso wake unabadilika. Wote wawili wakamtazama bibi, kisha mtungi, kisha mimi, na hakuna aliyekuwa amenituhumu. Hicho ndicho nisichokisahau. Mama alianza kuuliza kama labda bomba lilioshewa kwenye ndoo ya kutekea, kama labda kuna mtu alichota maji kwa chupa ya dawa. Alikuwa ananitafutia mkosaji mwingine. Ningeweza kumwachia aendelee.

"Ni mimi," nilisema. "Nilichuja kwa pamba. Ile ya kwenye kona. Mtungi hauna kosa, niliusingizia."

Nilieleza yote, kokoto, mchanga, mbegu moja moja, hata mchoro. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kusikia ujinga wake. Mama alikaa chini. Aliniuliza bibi alikunywa kiasi gani, na kwa mara ya kwanza jedwali langu lilikuwa na kazi: vikombe vitatu na nusu kwa siku mbili. Alijifunga khanga akaondoka mbio kwenda zahanati kuuliza.

Jirani alinigeukia. "Pamba safi?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama. Daraja la kwanza."

"Angalau hukumpa fifi," alisema, na bibi, aliyekuwa ameelekea ukuta, akatoa sauti ambayo nilidhani ni kilio. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akageuka.

"Mke mwenzangu," alisema, "kumbe ulitaka kuniua kwa usafi."

Nilipiga magoti pale pale. Nilitaka anigombeze. Alichosema ni, "Nina kiu. Fanyeni maarifa."

Nilidhani maarifa ni kuuosha mtungi. Jirani akanikatalia kabla sijafika mlangoni. Alinieleza kwa ufupi, kama mtu wa kazi anavyomweleza mtu wa nje. Udongo uliochomwa vile umejaa njia ndogo ndogo, hizo ndizo zinazopoza maji. Lakini hauchagui kinachopita. Ukiupa sabuni unaishika sabuni, ukiupa mafuta ya taa unayashika, na ukiyamwaga yanabaki ndani na kutoka kidogo kidogo kwa anayekunywa baadaye. Ndiyo sababu bibi alikataa sabuni. Kwamba ute ninaouogopa ni wa kusuuza na kusugua mara kwa mara, hapo alikubaliana nami; bibi aliilegeza kazi hiyo tangu augue. Na kwamba kama nilikuwa natafuta uchafu, ningeangalia kata ya kuchotea, inayoshikwa na kila mkono kisha inazama hadi kifundo cha mkono. Kata ile sikuwa nimeiweka kwenye jedwali hata siku moja.

Mtungi mpya alikuwa nao, lakini haukufaa siku ileile. Ungetaka kujazwa na kumwagwa siku kadhaa mpaka ladha ya udongo iishe. Aliokuwa nao wa kutumika ni mdogo, wa nyumbani kwake, anaonywea na wanawe. Akaenda kuuleta, umelowa, ukiwa na maji yake ndani. Akauweka juu ya ule mchanga.

Hayo maji sikuyajua. Sikujua yametoka shimo gani, yamechemshwa au la, ni mikono mingapi imeingia. Niliuliza. "Nimechemsha jana," alisema, "uniamini au usiniamini." Nilitaka kuomba niyachemshe tena, yapoe, nisuuze ule mtungi, niyarudishe. Ingechukua mpaka alasiri. Nilifinya tena ngozi ya bibi. Nikanawa mikono, nikaosha kikombe, nikauinamisha mtungi nimimine bila kuchota.

Bibi alinusa kwanza. Alifumba macho. Akanywa kikombe chote bila kukitoa mdomoni, na koo lake likapanda na kushuka, nami nilikuwa nimeshika pumzi kiasi kwamba jirani aligusa bega langu. Bibi akanyoosha kikombe.

"Ongeza. Na acha kunitazama kama ng'ombe anayetazama lambo."

Mama alirudi na ujumbe kwamba tumwangalie: akitoka jasho jingi, akitapika, mboni zikiwa ndogo, tumbebe mara moja. Tulimwangalia mchana kutwa. Alitoka jasho kidogo saa nane, na nikaomba kwa sauti mpaka akaniambia ni jua tu, ninyamaze, ninamwaibisha kwa Mungu. Hakutapika. Kufikia jua kuzama alikuwa amekunywa vikombe sita, na Bariadi haikutajwa tena.

Mtungi mweusi haukuvunjwa mara moja. Niliomba niachiwe, na mama, sijui kwa huruma gani, akakubali. Niliuanika juani, nikaujaza maji ya moto, nikamwaga mbali na kuku, nikarudia. Kila mara ulipokauka ulikuwa kama umepona. Kila mara nilipoujaza na kuufunika, siku ya pili ile harufu ilikuwa imerudi, hafifu, na sasa nilikuwa nimejifunza kuinusa. Ndoo nyekundu niliitilia maji ya lile chujio kusudi, nikaiosha kwa sabuni mara mbili, na haikunuka tena. Niliandika hayo yote. Nilitamani jibu liwe kwamba kimoja ni kizuri na kingine kibaya, nifunge daftari. Halikuwa hivyo. Ndoo ilisahau upesi lakini bibi hakuinywea. Mtungi aliunywea, na haukusahau.

Siku ya mwisho nilimwita bibi, ambaye sasa alikuwa anatembea na fimbo, aje anuse yeye, kwa sababu pua yangu sikuiamini. Aliinama kwa shida. Alikaa pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kunusa. Ulikuwa mtungi wake tangu alipoolewa, ingawa hilo alilisema mara moja tu, siku ile, na si kwa kunilaumu.

"Bado ipo," alisema.

"Dawa?"

"Dawa." Akaupigapiga ubavuni kwa kiganja kama mtu anavyompiga ng'ombe anayeuzwa. "Uvunje wewe. Vizuri, vipande vidogo, pasiwe na mtu atakayeokota awekee watoto maji."

Niliuvunja kwa jiwe. Nilivifukia vipande shimoni, na nikarudi mara mbili kuhakikisha hakuna kilichobaki juu.